Mugumo na Kitalu

Kitabu kikisifiwa kupita kiasi, aghalabu huacha kusomwa. Watu hukitaja kwa heshima, hukiweka mahali pa mbele katika kabati, huchota maneno mawili matatu ya kutilia nakshi hotuba zao, kisha hukifunga. Naona hilo ndilo lililokipata kitabu ambacho Profesa Wangari Maathai aliandika juu ya maisha yake, kilichopigwa chapa kwa Kiingereza mwaka 2006 kwa jina la Unbowed, maana yake Asiyeinama. Mwandishi alikuwa amekwisha kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, naye alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki Septemba 2011, na tangu hapo jina lake limekuwa kama jina la mtakatifu: kila penye mche, jembe na kamera, hapana budi litajwe. Mimi nampenda mwandishi huyu, na kwa sababu hiyo nataka kubishana naye kidogo.

Nakisoma kitabu hiki nikiwa Kisian, magharibi ya mji wa Kisumu, mahali ambapo barabara kuu hugawanyika, moja ikipanda kwenda Maseno na Busia, nyingine ikishika njia ya Bondo. Nyuma yetu ni vilima vya mawe makubwa. Mbele yetu ni ghuba ya Winam. Mtu akivitazama vilima hivyo asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, huona mawe, vichaka, moshi wa tanuri la makaa, na hapa na pale mti mmoja mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Hapa si Nyeri kwenye baridi na chai. Hata hivyo, swali la huko na la hapa ni moja: msitu uliokwisha ondoka hurudi kwa njia gani?

Kitabu kina majibu mawili kwa swali hilo, wala sina hakika kwamba mwandishi mwenyewe alitambua jinsi yalivyo mbali. Jibu la kwanza ni mugumo. La pili ni kitalu.

Mugumo ni mti wa jamii ya mikuyu. Mmoja ulisimama karibu na nyumba ya mama yake huko Ihithe, katika wilaya ya Nyeri, ambako Wangari alizaliwa mwaka 1940. Mama alimkataza mtoto wake asiokote kuni chini ya mti huo, hata kijiti kikavu, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu: haukatwi, hauchomwi, hautumiwi. Karibu na mti palitoka kijito, na kando ya kijito paliota nduma. Chini ya majani yale mapana mtoto aliona mayai ya vyura, akayadhania shanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni. Lakini kila akiyashika yalipasuka na kumponyoka vidoleni. Siku chache baadaye shanga hazipo, na maji yamejaa viluwiluwi. Miaka ikapita. Mtoto akawa kijana, akaenda Marekani kusoma elimu ya viumbe, kwanza Atchison katika jimbo la Kansas, kisha Pittsburgh, akarejea mwaka 1966. Mugumo haukuwapo tena. Ardhi ile ilikuwa imepata mwenye mpya, naye aliona mti unakula nafasi bure. Akaukata apate kupanda chai. Kijito nacho kikakauka.

Kurasa hizi ni chache, nami naziweka juu ya nyingine zote za kitabu. Mwandishi mdogo wa kipaji angalitupa kilio: angaliulaani ukoloni, angalimlaani yule mwenye chai, angalitusomea orodha ya hasara. Huyu hafanyi hivyo. Anatupa kwanza shanga, yaani kosa la mtoto, kosa zuri. Na baada ya muda mrefu, sisi tukiwa tumekwisha kuzipenda, ndipo anapotupa elimu: kwamba mizizi ya mugumo hushuka sana, hupenya mwamba hadi maji yaliyo chini, na maji hayo hupata njia ya kupanda na kutokea mahali ardhi ilipo dhaifu. Hivyo katazo la mama, ambalo wamisionari wangaliliita ushirikina, lilikuwa likilinda chemchemi. Mtoto na mtaalamu wanasema kwa kinywa kimoja, wala hatusikii mshono. Si ajabu kwamba aliposimama Oslo, Desemba 2004, kutoa hotuba ya tuzo yake mbele ya ulimwengu, kijito hicho hicho na mayai hayo hayo ya vyura ndiyo aliyoyaweka mwishoni.

Tena liko jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Katika hadithi ya mugumo hakuna sherehe ya kupanda. Kazi waliyofanya watu ilikuwa ni kujizuia. Mti ulisimama, nao ukaweka kivuli, unyevu, majani yaliyooza, maji, na kila kiumbe kilichotaka vitu hivyo kikaja chenyewe. Vyura hawakualikwa na mtu.

Jibu la pili limo katika sura aliyoiita Foresters Without Diplomas, yaani mabwana misitu wasio na vyeti. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, watu waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa ukumbusho wa mashujaa saba waliotoka katika makabila mbalimbali ya nchi. Hapo ndipo chama cha Green Belt Movement kilipoanzia. Wanawake wa vijijini walikuwa wakilia kuni, maji na malisho. Wangari akawaambia, basi na tuoteshe miti. Mabwana misitu walipokuja kuwafundisha akina mama, walikuja na habari za mteremko wa ardhi na kina cha tuta, mpaka wasikilizaji wakachoka. Ndipo Wangari alipowaambia watumie akili waliyo nayo. Kwani hawajui kupanda mahindi na maharagwe? Mbegu ya mti ni mbegu vilevile. Wakaotesha miche katika vyungu vilivyovunjika na makopo makuukuu, wakaviinua juu ili kuku wasivifikie. Kwa kila mche ulioshika walilipwa senti chache.

Sura hii ina uchangamfu wa sokoni. Ninapoifundisha darasani, wasichana huinua vichwa, na mara nyingi kuna mmoja ambaye humtambua nyanyake katika wale akina mama. Ni sura ya haki, maana inamnyang'anya mwenye cheti ulafi wa maarifa na kumrudishia mama wa shambani heshima aliyopokonywa. Sitaki kuipunguzia sifa hiyo.

Lakini hapo hapo kitabu hubadilisha lugha. Mugumo ulikuwa mmoja, nao ulijulikana kwa mahali pake na kwa katazo lake. Kuanzia kitalu, tarakimu huingia mlangoni: miti saba, maelfu ya miche, malaki, na hatimaye milioni 30. Tarakimu ina nguvu. Huweza kupelekwa kwa mfadhili, huweza kuandikwa ubaoni, huweza kupigiwa makofi. Mwandishi alihitaji nguvu hiyo, kwani alikuwa akishindana na watu waliokuwa na serikali mkononi. Aliyeisoma habari ya Uhuru Park mwaka 1989, au ya msitu wa Karura mwaka 1999, atakubali kwamba mwanamke yule hakuwa na silaha nyingi za kuchagua. Silaha, hata hivyo, hubaki baada ya vita kwisha, nasi warithi tumeichukua hiyo moja na kuacha mengine. Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupata miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa sikukuu, watu wasiende kazini bali wapande miti. Mpango huo hauna ubaya kwa nia yake. Nauliza tu nani atahesabu kilichoota chini ya miti hiyo, maana kwa desturi yetu mti huhesabiwa siku ya kutiwa udongoni, na baada ya hapo hesabu hufungwa.

Yanipasa kusema kwa nini jambo hili linaniuma. Katika chuo cha ualimu nilikosoma tulifundishwa kuandaa somo la mazingira kwa hatua: shabaha, vifaa, tendo. Tendo siku zote lilikuwa kupanda mti. Sikumbuki hata mara moja kuambiwa kwamba tendo laweza kuwa kuacha. Basi nilipokuwa ningali mwalimu mgeni katika shule moja ya upande huu wa ziwa, tuliarifiwa kwamba wageni wa heshima watakuja kupanda miti nasi, miche mia mbili, mingi yao mikaratusi. Palitakiwa mahali. Nyuma ya jiko kulikuwa na pembe ya uwanja iliyoachwa miaka mingi, na katikati yake mkuyu mzee, ambao Wajaluo huuita ng'owo. Chini na kandokando yake pamefunga kichaka. Nikalichukua darasa langu, kila mtu na fyekeo lake, tukashinda siku mbili tukikata kila kitu isipokuwa mkuyu wenyewe, maana shina lake lilitushinda. Mzee aliyekuwa mlinzi wa shule akatutazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole:

"Japuonj, mnafyeka miti ili mpande miti?"

Nikamjibu, "Jaduong', hiki ni kichaka tu."

Hakusema neno zaidi. Alikuwa mtu wa adabu, nami nilikuwa na cheti.

Wageni walikuja, picha zikapigwa, miche ikapandwa kwa mistari iliyonyooka kama madawati. Kiangazi cha Januari kikaja. Kufikia mvua za Machi, miche iliyokuwa hai niliweza kuihesabu bila kutembea. Wakati huo huo visiki tulivyoviacha vilikuwa vimechipua: siala wetu wa nguzo, ober, ochuoga yenye matunda yanayopendwa na watoto, na vingine ambavyo sikuvijua jina. Jambo la aibu ni hili: muhula ule ule nilikuwa nikilisomea darasa lile lile habari ya mugumo. Tulipofika pale mwenye shamba anapoukata mti ili apande chai, mvulana mmoja akanyosha mkono.

"Mwalimu, si sisi ndio tuliopanda chai?"

Kosa lile lilikuwa langu, si la kitabu. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza kwa nini kitabu hakikunizuia, hali nilikuwa nacho mkononi. Jibu langu ni kwamba kitabu hiki kinajua ubaya wa kupanda vibaya, lakini hakituonyeshi vya kutosha uzuri wa kitu kisichopandwa. Mwandishi anawashutumu wakoloni, kwa haki kabisa, kwamba walikata misitu ya asili katika milima ya Nyandarua na kwingineko wakaleta misonobari na mikaratusi ikuayo upesi, na kwamba miti hiyo ya kigeni ilifukuza mimea na wanyama wa pale na kuharibu kazi ya kushika maji. Hayo ameyaeleza vizuri. Lakini dawa anayotupa ni miti mingine, ya asili au ya matunda, nayo vilevile hutoka kitaluni. Habari ya msitu unaojipanda wenyewe, wapandaji wake wakiwa ndege, popo na upepo, imepewa nafasi ndogo mno na mtu aliyesomea elimu ya viumbe na ambaye, alipokuwa mtoto, alishuhudia shanga zikigeuka viluwiluwi bila msaada wa mtu.

Wala habari hiyo si ya kutafutwa mbali. Kaskazini yetu uko msitu wa Kakamega, na kuuzunguka ni mashamba ya watu waliosongamana. Katika mashamba hayo imeenea mipera. Mpera si mti wetu. Asili yake ni Amerika, na mpenda miti ya asili angaliufyeka bila huruma. Wachunguzi walikwenda wakatazama chini ya mipera hiyo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008. Walikuta miche ya miti ya msituni. Ndege huja kula mapera, na hapo wakipumzika huangusha mbegu walizozimeza kwingine. Mti mgeni, uliopandwa au kuota kwa ajili ya tunda lake, umekuwa mlango ambao msitu huingilia shambani. Hakuna aliyeupigia makofi, na mwenye shamba akipalilia kwa bidii, mlango hufungwa tena.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili uko ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Jambi, kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, na unahusu mpira. Najua kwamba neno mpira halisikiki kwa wepesi katika sehemu zetu hizi. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, tangu 1885 hata 1908, watu waliteswa, wakauawa na kukatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mitambaazi ya msituni. Mpira wa Jambi ni mti mwingine na habari nyingine. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alichukua mbegu kama 70,000 kutoka bonde la Amazon, Brazil, akazipeleka Kew, London. Miche iliyoota ikatawanywa hadi Sri Lanka na Malaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 mti huo ukawafikia wakulima wadogo wa Sumatra, ambao walikuwa na desturi ya kufyeka kipande cha msitu, kulima mpunga mwaka mmoja au miwili, kisha kukiacha kipate nguvu. Sasa wakafanya jambo moja jipya. Kati ya mpunga wakachomeka miche ya mpira, na walipoondoka wakaiacha ikue pamoja na magugu, vichaka na miti yote iliyotaka kurudi.

Baada ya miaka kama minane au kumi mwenye shamba hurudi, hukata vijia vyembamba kutoka mpira hadi mpira, na kuanza kugema. Yaliyo kati ya vijia huyaacha. Humo hupata pia matunda, mbao, dawa na henzirani. Wenye mashamba makubwa, ambao mipira yao ilisimama kwa mistari juu ya udongo uliofagiliwa, waliyaita mashamba ya namna hii machafu. Lakini wachunguzi wa mimea walipoingia miongo mingi baadaye na kuhesabu, waliona kwamba uchafu huo ulikuwa nusu ya msitu. Miti mikubwa humo mingi ni mpira, naam. Chini yake, hata hivyo, miche michanga ni ya aina nyingi sana, ni michache kuliko ya msitu halisi kwa aina zake, lakini ni mingi kupita kiasi ukilinganisha na shamba lililofagiliwa.

Nalipenda jambo hili kwa sababu wakulima hao hawakulifanya kwa kuipenda mimea. Walikuwa na ardhi nyingi na mikono michache. Kupalilia kungewagharimu kuliko faida yake. Uvivu wao, tuuite hivyo kwa kukosa neno bora, ulifanya kazi ambayo bidii yangu ya fyekeo haikuweza kuifanya.

Lakini wachunguzi hao hao wametuonya tusiimbe mapema. Si kila mti unaorudi. Wale wenye mbegu ndogo, zinazomezwa na ndege na popo, hurudi kwa wingi. Miti mikubwa ya mbao ambayo mbegu zake haziendi mbali na mama yao hurudi kwa shida, na pasipo msitu karibu haitarudi kabisa. Tena mche si mti. Panga la mwenye shamba hupita, na katika miche mia anayoiona, huacha ile anayoifahamu faida yake. Na fedha nazo zina neno lake: mpira wa mbegu hutoa utomvu mchache kuliko mpira wa kubebesha, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na baadaye sehemu kubwa ya mashamba hayo ya kale ilifyekwa ipandwe mpira wa mistari au michikichi. Siwezi kumlaumu mkulima wa Jambi kwa hilo mimi ninayepokea mshahara. Ninachosema ni kwamba yule aliyemwambia kuwa shamba lake ni chafu alimwambia uongo ulio ghali.

Onyo jingine liko karibu nasi, huko Amani katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mti ambao Waganda huuita musizi, na wataalamu Maesopsis eminii, ni mwenyeji wa Uganda na wa Kakamega yetu. Ulipelekwa Usambara na kupandwa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu kila mahali palipokatwa mti, hata ukaingia ndani ya msitu na kuchukua nafasi ya wenyeji. Ndege hasomi vitabu vya uhifadhi. Hapandi anachokitaka mwalimu wa mazingira, hupanda alichokula. Hata vilima vyetu vya Kisian ni shahidi: nyabende iliyofunga pande nyingi ni mgeni kutoka Amerika, na wapanzi wake ni ndege wale wale ninaowasifu hapa.

Kwa hiyo sitaki mtu anisome kana kwamba nasema tukae tu tukitazama. Hapa petu mbuzi wakiachwa, hakuna mche unaovuka kimo cha goti. Makaa hula visiki hata mizizi. Na Kakamega iko mbali na Kisian kwa mruko wa ndege wengi. Ndege ambaye hana tawi la kutua njiani hatatuletea kitu. Mahali kama hapa mtu hana budi kupanda, na hapo Wangari Maathai ana haki nami sina. Lakini apande nini, na kwa nia gani? Mkuyu hupandwa kwa tawi lililokatwa na kuchomekwa ardhini. Hauhitaji kopo wala kitalu. Ukiisha kukua huzaa mara nyingi katika mwaka, hata miezi ambayo miti mingine haina tunda, na wageni huja usiku na mchana. Mkuyu mmoja uliozungushiwa ua wa ojuok mbuzi wasipite, ukaachwa na kichaka chake miaka kumi, waweza kuleta aina za mimea ambazo kitalu hakina mbegu zake. Katika hesabu ya bilioni 15 mkuyu huo ni moja.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa kitabu kama kazi ya fasihi, si kama kazi ya uhifadhi tu. Mwandishi alianza na mfano mkubwa, akautunza miaka hamsini moyoni, akaurudia mbele ya wafalme. Lakini katikati ya kitabu, penye kazi, hakuuruhusu ufanye kazi. Mugumo umebaki kuwa kumbukumbu na huzuni. Haukuwa njia. Ungewekwa kando ya kitalu, ukaachwa ubishane nacho katika sura moja, tungepata kitabu kigumu zaidi kusifiwa na chepesi zaidi kutumiwa. Yamkini nadai mengi. Mtu aliyepigwa rungu kwa ajili ya msitu hakuwa na nafasi ya kukaa chini kuandika juu ya mavi ya ndege. Hata hivyo kitabu kikishatoka ni cha wasomaji, nami nimekisoma nikiwa na fyekeo mkononi.

Mwaka uliopita, katika shule nyingine, nililipa darasa la pili kazi baada ya kumaliza sura ya mugumo. Walipima mraba wa hatua kumi kila upande chini ya mkuyu ulio nje ya ua wa shule, wakaambiwa waandike kila mche ambao hakuna mtu aliyeupanda. Walipata aina kumi na saba. Kumi na moja walizijua wenyewe. Nne walizipata kwa kumuuliza bibi anayeuza omena njia panda, ambaye wao humwita dani. Aliyashika majani, akayanusa, akawaambia, "Nyathina, huu ni roko, na huu tulikuwa tukitafuna tukienda ziwani," akawapa na jina la huo wa pili. Mmoja tuliuona picha yake katika kitabu. Wa mwisho una majani mawili tu, yenye ncha nyekundu, na wanafunzi wameuwekea mawe manne kuuzunguka ili asije mtu akaukanyaga kabla haujajulikana ni nani.